Televisheni Haiagi

Nyinyi vijana mnaonikuta hapa Migori nikiwatupia kuku mahindi, halafu mnaanza, "Mama Poda, mtu anaingiaje kwa TV?", hebu kaeni chini. Huyo jogoo msimwogope, ni kelele tu. Kuingia ni rahisi, na mkiwa na meno mazuri ni rahisi zaidi. Mimi nitawaambia habari ya kutoka, kwa sababu hiyo hakuna mtu atakayewaambia mpaka siku mtakapomkuta askari amesimama langoni akijifanya hawajui.

Kazi yangu ilikuwa kuwapaka watu poda. Msicheke. Miaka hiyo ya tisini taa za studio zilikuwa kubwa, moto kama jiko, na mtu akiketi chini yake jasho linamtoka hata kama hana dhambi. Sasa jasho kwenye kamera linaonekana kama hatia. Mtu mkweli asiyepakwa poda anaonekana mwizi. Na mwizi aliyepakwa vizuri, huyo mnamjua, mlimpigia kura.

Jambo lingine mlijue mapema: kipindi cha usiku hakikuwa cha usiku. Chetu kiliitwa Kabla Hujalala, na tulikirekodi baada ya chakula cha mchana, mapazia yamefungwa. Mgeni anasema "usiku mwema, Kenya", anapiga miayo kabisa, kisha anatoka nje kwenye jua kali kununua mahindi ya kuchoma. Mhubiri mmoja aliwaambia watazamaji watoke nje waangalie nyota alizoziona akija studio. Alikuja saa nane mchana. Nikampaka poda nikanyamaza.

Aliyenifunza kazi ni Mama Zubeda, mwanamke wa Mombasa, mkali, hapendi kurudia neno. "Usipake juu ya jasho," alikuwa akiniambia. "Mfute kwanza kwa kitambaa baridi, mwache apumue, ndipo upake. Ukipaka juu ya jasho umesonga ugali." Mimi wiki ya kwanza nilikuwa na haraka, nikampaka askofu mmoja na jasho lake. Ilipofika katikati ya kipindi paji lake la uso lilianza kupasuka na kumdondokea kwenye joho. Mama Zubeda hakunigombeza. Alinipa ufagio tu, akanionyesha sakafu.

Huyo mama alikuwa na msemo wake mwingine, na huo niliudharau. Alisema uso wa mtu aliyefukuzwa kazi haushiki poda. Utampaka, utarudia, itabaki juu juu kama vumbi kwenye kabati. Nikasema moyoni, haya basi, uchawi wa Pwani huo.

Mwenye kipindi alikuwa Nashon Obiero, mtu wa Sindo, kule ziwani. Alikuwa amefundisha shule ya msingi kabla ya televisheni kumpata, kwa hivyo wote tulimwita Japuonj, yaani mwalimu. Kipara kizima, tumbo kidogo, sauti ya chini. Ujanja wake ulikuwa neno moja tu. Mheshimiwa anajisifu weee, anamaliza, anategemea asifiwe. Japuonj anamtazama kwa upole, anasema, "Halafu?" Kisha ananyamaza. Lo! Watu wakubwa hawawezi kimya. Wataongea wenyewe mpaka waseme kile walichokuja kuficha.

Na alikuwa na kiti. Watu wa Homa Bay ndio waliompa, wazee wao wakakichongesha kutoka gogo moja, kizito, kina mikono, na mzee mmoja akamwambia mbele ya umati kwamba ni chake mpaka siku ya kuzikwa. Nyinyi ni watoto wa huku, mnajua. Kiti cha mwenye boma hakikaliwi. Mtoto hakikalii, mgeni anatafutiwa kingine. Ukiingia boma la mtu ukakuta mwingine amekikalia, hapo huulizi, unavua kofia. Japuonj alikileta studio na kukiweka chini ya taa. Siku moja mheshimiwa fulani aliingia kwa mbwembwe akaketi juu yake bila kuuliza. Japuonj alimwachia. Alisimama kipindi kizima, mikono nyuma, akimuuliza maswali kutoka juu, na yule mheshimiwa akabaki akiinua shingo kama mtoto aliyechelewa shule. Meneja wetu wa vipindi alifurahi sana, akasema ni ubunifu.

Sasa huyo Meneja. Jina lake tumwachie mamake. Ndiye aliyeamua kwamba Japuonj aondoke, na uamuzi wenyewe ulifanyiwa chumbani kwangu, kwa sababu ndicho chumba pekee kilichokuwa na feni iliyozunguka. Waliongea mbele yangu wakinihesabu pamoja na kioo. Mara mzee amechosha. Mara vijana wanataka damu mpya. Mara mwenye kiwanda cha sabuni anayelipia matangazo anasema kipara hakiuzi sabuni. Mmoja wao, maskini, akakohoa akasema, "Lakini watu wanampenda." Meneja akamjibu bila hata kumtazama, "Ndiyo shida yenyewe. Wanampenda yeye, hawapendi stesheni."

Kutafuta wa kumrithi kulikuwa sinema. Mmoja alikataliwa kwa kuwa anafanana na shemeji wa mwenye stesheni, na huyo shemeji hapendwi. Mwingine aliambiwa acheke, akacheka, wakaandika, wakamwambia acheke tena. Mwisho wakamchukua Dicky, kijana aliyekuwa akipiga muziki kwenye disko. Kiingereza chake kilipitia puani kwanza ndipo kifike mdomoni. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Tatizo lake ni kwamba hakuwahi kuuliza swali likaisha. Alikuwa analijibu mwenyewe katikati, kisha anacheka.

Mimi nilimwambia Japuonj siku iyo hiyo, brashi ikiwa mkononi. "Japuonj, wanakitaka kiti."

Akanitazama kwenye kioo. "Halafu?"

"Halafu wanakupa likizo, na hutarudi."

 Akasema, "Kazi ni yao, nyar Migori," ndivyo alivyoniita, binti wa Migori, "wachukue. Mimi ninaomba kitu kimoja tu, niwaage watu kwa mdomo wangu. Wale wamenifungulia nyumba zao, wengine wakiwa na nguo za kulala. Mgeni akitoka kwenu bila kuaga, si mnaanza kuhesabu vijiko?"

Alikwenda kwa Meneja akaliomba hilo, hilo tu. Nilikuwepo, niliitwa kumfuta Meneja jasho kwa sababu alikuwa anapigwa picha ya kalenda. Meneja akatabasamu. "Mzee, televisheni haiagi. Ukiaga, watu watajua umeondoka. Wacha wawashe siku moja wamkute Dicky, watazoea." Akampa mkono, akamwambia aende Sindo apumzike, na asimwambie mtu. Nilitaka kumpaka Meneja poda ya machoni, Mungu anisamehe.

Halafu wakafanya hesabu zao za kisomi. Kwamba watakaolalamika sana ni watu wa Homa Bay, kwa hivyo Dicky azinduliwe hukohuko Homa Bay, ndani ya ukumbi, mbele yao, na aketi kwenye kile kiti walichokitoa wenyewe. Wakikiona kimekaliwa watajua ni baraka. Mimi nikasema, "Bwana Meneja, mwekee kijana kiti kingine. Hicho usikiguse." Akanijibu, "Mama Poda, wewe shughulika na nyuso." Sawa. Nikashughulika na nyuso.

Gari lenye vipaza sauti lilipita Migori mpaka Homa Bay likitangaza kwamba Kabla Hujalala inakuja. Ya nani, halikusema. Ukumbi ukajaa asubuhi mapema. Kina mama wa sokoni walifunga biashara, watu wa Mbita walikuja wamevaa vizuri, wazee wakapewa mstari wa mbele. Dicky nilimpaka, uso wake ulikuwa laini, poda ikashika bila taabu. Alikuwa amevaa suti nyeusi, nyeusi tititi, na tai nyeusi. Nikamuuliza kwa nini nyeusi. Akasema, "Ni classic, Mama."

Taa zikawaka. Dicky akapanda jukwaani akirukaruka, akaketi kwenye kiti cha Japuonj. Makofi yalikuwa yameanza, yakakatika. Akapiga kelele, "Homa Bay! Mko fiti?" 

Mama mmoja muuza samaki akasimama taratibu, akafunga leso yake vizuri. "Kijana, salamu tumepokea. Mwenye kiti yuko wapi?"

Dicky akamwangalia Meneja. Meneja akachukua kipaza sauti, akalainisha sauti yake kama anayemtuliza mtoto. "Mama, hayo tutawaambia kwa wakati wake. Kwa sasa tunaomba mtulie."

Yawa! Ee Mungu wangu. Huku kwetu nani hupewa habari ya msiba akiwa amesimama? Unaitwa nyumbani, hujaambiwa kwa nini. Unapewa chai. Unauliza fulani yuko wapi, mkubwa mmoja anakwambia utulie kwanza, mtaongea baadaye. Hapo umeshajua. Sasa hawa watu wameona kiti cha mtu wao kimekaliwa na mgeni, mgeni amevaa nyeusi, na mkubwa kutoka Nairobi anawaomba watulie. Mlitaka wafikiri nini, kwamba Japuonj ameenda kununua mkate?

Yule mama akashika kichwa kwa mikono miwili. "Wuololo! Japuonj!" Ukumbi mzima ukapokea. Nduru zilipanda mpaka mabati yakaitikia. Wanawake wakaanza kukimbia huku na huku kati ya viti, wazee wakavua kofia, mwanamume mmoja mrefu akalala sakafuni akaita jina la marehemu ambaye hajafa.

Na Meneja, je? Meneja alikuwa na furaha! Hakujua lugha, hakujua mila, alisikia kelele tu. Akamkimbilia mpiga picha, "Piga! Piga hiyo! Wanampenda!" Dicky naye akasimama akawapungia mikono, meno yote nje.

Mzee wa mstari wa mbele akapanda jukwaani na mkongojo wake. "Toka hapo, kijana. Hata hatujamzika."

Dicky alitoka mbio. Kiingereza cha puani kiliisha siku hiyo hiyo. "Mzee, mimi nimeambiwa tu nikae," alisema, kwa Kiswahili cha kawaida kabisa.

Meneja alipoelezwa, rangi ilimtoka. Akarukia kipaza sauti. "Yuko hai! Jamani, yuko hai! Yuko likizo!" Bibi kizee mmoja akamshika mkono, akaupapasa. "Ndiyo, mtoto wangu, tumesikia. Likizo. Pole sana, hata wewe ulimpenda." Nusu ya watu walikuwa wameshatoka kwenda Sindo kwenye matanga. Waliobaki wakazunguka gari letu la mitambo na kusema maneno mafupi: kama yuko hai, aletwe. Meneja akanituma mimi na dereva.

Tulipofika Sindo, msiba ulikuwa umeshika kasi. Japuonj amesimama langoni kwake na gambuti miguuni, jembe mkononi, na watu wanamlilia. Wengine walimwona kwa macho yao, wakamsalimu, wakaendelea kulia kidogo kwa kuwa walikuwa wameshaanza. Mmoja alileta jogoo. Japuonj akampokea jogoo, akamfunga miguu, akasema, "Wa matanga yangu nitamla mwenyewe." Mkewe alikuwa jikoni akiwachemshia waombolezaji chai, amefura. "Nimekuwa mjane tangu mchana," akaniambia, "na hakuna hata mmoja aliyenijulisha."

Japuonj alicheka mpaka akajishika ubavu. Kisha akaacha. "Kwa hivyo walikikalia, nyar Migori."

"Walikikalia, Japuonj."

Akanawa miguu, akavaa shati safi, tukaenda.

Sitawaelezea kelele alipoingia ukumbini, sina mdomo wa kutosha. Meneja alimjia amelowa jasho, poda yangu yote imeshuka shingoni. "Mzee, tafadhali. Keti, waambie uko hai, tumalize."

"Nitawaambia. Halafu?"

Meneja akakauka. Akatazama watu, akatazama gari lake lililozingirwa. "Halafu... basi, unaweza kuaga."

Mmesikia hapo, vijana? Hivyo ndivyo mtu aliyefanya kazi yake vizuri alivyopata ruhusa ya kusema kwaheri. Ilibidi kwanza afe.

Nilimfuta, nikamwacha apumue, nikampaka. Ikashika, tena vizuri ajabu, kipara chote. Nikakumbuka msemo wa Mama Zubeda, nikaona ni kweli: huyu hakuwa amefukuzwa, alikuwa anaondoka.

Hakuketi. Alisimama nyuma ya kiti, mkono mmoja juu yake. "Mmeniona, ni mzima. Kilichokufa ni kazi, na kazi haililiwi. Mmenikaribisha kwenu nikiwa na viatu vya vumbi, ahsanteni. Kama kuna swali langu lililomwaibisha mtu mbele ya watoto wake, anisamehe. Na huyu kijana hana makosa, alionyeshwa kiti akakaa. Mtafutieni chake. Oriti uru." Yaani, kwaherini nyote. Wakamjibu kwa pamoja, "Oriti, Japuonj," polepole, wale wale waliokuwa wakipiga nduru. Mimi nililia, sioni haya kusema. Alisaidiana na yule mzee wa mkongojo wakakibeba kiti mpaka nje, kikapakiwa kwenye pikapu, kikaenda Sindo.

Siku ya kipindi kuonyeshwa, huku kwetu watu walijaa kwenye kila nyumba yenye televisheni ya betri ya gari. Nyinyi mnafikiri waliona nini? Waliona Dicky amerekodiwa upya studio kwenye kiti cha plastiki, meno nje. Waliona wanawake wa Homa Bay wameshika vichwa wanapiga nduru, na chini yake maandishi: Homa Bay Yampokea Dicky kwa Shangwe! Japuonj hakuwamo. Hata kipara chake hakikupita. Nikamfuata fundi wa kuunganisha picha, nikamshika shati. Akasema, "Mama Poda, niache. Ni Dicky aliomba. Anasema ile ya 'hana makosa' inamfanya aonekane mdogo. Meneja akasema ikatwe, na kanda ifutwe, irekodiwe mpira juu yake."

Basi Dicky akatawala. Sitasema alitawala muda gani, ila jogoo kama huyu wangu anaishi zaidi. Mwenye sabuni akabadilisha mawazo, sasa anataka mwanamke, mwanamke mwenye nywele ndefu. Wakakaa tena chumbani kwangu chini ya feni, wakasema Dicky amechosha, vijana wanataka damu mpya. Maneno yale yale, hata kikohozi kilikuwa cha mtu yule yule.

Alasiri moja mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia Dicky. Askari wa langoni alikuwa amemkatalia, akapitia jikoni. Akaketi kwenye kiti changu cha kupakia poda, kwa mazoea tu. Na mimi kwa mazoea nikamfuta, nikamwacha apumue, nikampaka. Haikushika. Nikarudia. Ikabaki juu juu, vumbi kwenye kabati. Mama Zubeda, popote ulipo, nisamehe.

"Mama Poda," akasema, "nimewaomba dakika moja tu niwaage watu. Meneja anasema televisheni haiagi."

Nikaendelea kupangusa brashi.

"Ile siku ya Homa Bay, Mzee alisema maneno fulani mazuri sana. Yalikuwaje? Nataka kuyaandika, hata kwa gazeti, watu wajue sikutoroka. Ile kanda iko wapi?"

"Imerekodiwa mpira."

"Nani aliyesema irekodiwe mpira?" Akauliza swali zima, mara ya kwanza nikimsikia, akalimaliza, na hakulijibu.

Sikulijibu mimi pia. Nilimtazama tu kwenye kioo mpaka akainamisha macho. Maneno ya Japuonj nilikuwa nayo yote kichwani, mmeyasikia sasa hivi. Sikumpa hata moja. Nikafunga kopo langu la poda.

"Nenda Sindo ukamuulize mwenyewe," nikamwambia. "Atakukaribisha, ni mtu mzuri. Ila ukifika, keti kwenye benchi."